Nyasi za Masasi Chini ya Mikorosho ya Newala

Mimi ni wa Masasi, kule chini kwenye joto. Niliolewa huku juu Newala, na shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikikosea mniwie radhi, au msiniwie, yote sawa. Nilikuja na shina moja la nyasi za kuezekea za kwetu, nikalipanda nyuma ya nyumba. Wakwe wakacheka: baridi ya huku itaziua. Na mimi walinitazama hivyo hivyo. Nimezaa watoto sita, mmoja kwenye foleni ya maji, lakini hiyo habari nyingine.

Nyasi zikaota, zikasogea mpaka chini ya mikorosho, zikakaa jirani na nyasi za hukuhuku.

Juzi Julai, kwenye baridi, akaja binti wa chuo kikuu. Akasema hizi zote ni aina moja, ila ukoo mmoja wa joto, mwingine wa baridi. Akabana jani kwa kimashine.

"Bibi, natafuta kimeng'enya."

"Kumbe nyasi zina tumbo?" Maana ninavyojua mimi, kinachomeng'enywa ni ugali.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hapana, bibi. Hiki ni kama mpishi. Anakamata hewa, jua linampa moto, jani linakula. Kwenye baridi anakuwa mzito. Nataka kujua hizi za Masasi zimezoeaje: zimeongeza wapishi, au zimepata wapishi wengine?"

Akaniomba nizitunze mpaka Novemba, joto likirudi apime tena. Nikamkubalia.

Sasa huku, Agosti, chini ya mkorosho panasafishwa kabisa, korosho ikianguka ionekane. Mwenye nyasi ni mvivu, basi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, akaja na jembe.

"Shemeji, unatuaibisha. Watu wa Mkunya wakipita wanaona pori."

"Waambie ni jiko. Lina wapishi."

"Wapishi gani? Umezeeka vibaya."

"Wewe uliyezeeka vizuri umefanya nini?"

Akainua jembe. Nikaingia katikati ya nyasi, nikakaa, nikanyoosha miguu.

"Anzia hapa kwenye magoti."

Alisimama hapo mpaka jembe likamchosha bega, akaondoka akinitukana kwa Kimakonde, lugha ambayo alidhani mpaka leo siijui. Nikamjibu kwa hiyo hiyo.

Korosho zitakazoangukia humo nitazipapasa kwa mikono, moja moja. Nyasi hazing'olewi.