Aliyekataa Mtoto wa Gunzi

Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa watoto wa gunzi hakuna aliyenifikia pale Kasingirima. Nachukua gunzi la muhindi, nalivika kitambaa, zile nyuzi zake nazisuka nywele. Mtaa mzima ulicheza na watoto wangu. Waliocheza nao wa kwanza, leo nao wana wajukuu.

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi waliposhuka Kagunga, kule mpakani ziwani, kwa wingi, alikuja kwangu mama mmoja, ndugu yangu upande wa mama, akisubiri kupelekwa kambini. Alikuwa na binti wa miaka kama minane na kichanga cha kiume. Yule binti alikuwa hacheki. Anakula, anaosha sahani, anakaa. Nikasema, dawa ya mtoto wa kike naijua. Nikamtengenezea mtoto wa gunzi, na mbeleko yake ndogo ya kipande cha khanga.

Akamtazama. Akamlaza chini vumbini.

"Oya," akasema. Ndiyo "hapana" hiyo, kwa Kirundi chake na Kiha chetu ni hiyo hiyo.

"Hujui kubeba? Msichana gani wewe?"

"Najua, Bibi. Mama mguu ulivimba, nikambeba huyu mdogo wangu siku tatu mpaka ziwani. Huyo mpe mwingine."



Mwingine alikuwepo. Mjukuu wangu wa kiume, miaka sita, alimwokota yule mtoto, akampangusa vumbi, akamfunga mgongoni vizuri kabisa. Mpira wa makaratasi aliosukiwa na babu yake akamsukumia binti kwa mguu. Alasiri nikasikia kicheko huko kwenye chandimu ya wavulana wa mtaa, nikadhani ni mtoto wa jirani. Kumbe ni yule binti.

Mume wangu, mvuvi, akarudi kutoka Bangwe.

"Dume langu limebeba nini?"

"Limebeba mwana."

"Na mpira wangu?"

"Unapigwa."

"Na nani?"

"Na mgeni. Amefunga mawili."

Hakucheka. "Kesho kila mtu arudi kwenye kitu chake. Watu wataniona mimi nalea mabinti wawili."

Kesho yake mimi na ndugu yangu tulitakiwa kwenda kuandikisha majina ya kambini. Mama mtu akamwita binti: "Weka mpira, mbebe mdogo wako." Mtoto akauweka. Akainamisha mgongo bila neno, kama punda aliyeuzoea mzigo. Uso ulifungwa kama mlango wa duka siku ya msiba.

Sikuvumilia. Nikachukua kichanga, nikakiweka mapajani kwa mume wangu.

"Ziwa limechafuka, huna kazi leo. Shika."

"Mimi?"

"Mjukuu wako atakuonyesha."

Tuliporudi mchana nilisimama nje ya ua kwanza. Nilitaka kusikia.

"Babu, inama. Inama tena. Mguu wake mmoja huku, mmoja huku. Usikaze hivyo, huyo si mtumbwi!"

Mtu huyu akifunga mtumbwi, upepo unavuma siku mbili na haung'oki. Nikachungulia: khanga ilimshinda. Ilifunguka mara tatu, mjukuu akawa anadaka miguu ya kichanga huku gunzi lake limetulia mgongoni. Mara ya nne ikashika.

Jirani akachungulia juu ya ua. Huyo mdomo wake unafika sokoni kabla yake.

"He! Mzee, umejifungua lini?"

"Jana," akajibu. "Bado nina maumivu, usinichoshe."

Nikaingia. Nikamuuliza mume wangu kama sasa kila mtu arudi kwenye kitu chake, nimwite binti aache mpira.

"Punguza sauti," akasema. "Amelala."

Nyuma ya nyumba binti alikuwa anawafokea wavulana wa mtaa: "Lete! Nipe mimi, mbona mnalala?" Mume wangu akasikiliza, akasogea taratibu kwenye kigoda, akaanza kukaa.

"Babu, usikae," mjukuu akamwambia. "Ukikaa anaamka."

Akasimama.