Wino Mwekundu wa Hasna

Basi lilikata kona pale Makutano na kushika njia ya Butiama, mji ambao Hasna alikuwa hajaukanyaga, wala sisi wateja wake wa chai tuliomsindikiza, tuliokaa nyuma yake. Mapajani alipakata madaftari manne yanayonukia iliki. Kwa miaka kumi na mmoja aliuza chai stendi ya Bunda, na alimwomba kila abiria wa lugha ngeni neno moja linalofanana kabisa na la Kiswahili lakini lenye maana nyingine. Simba, kwa Wajaluo, ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Sana, kwa Wafini, ni neno. Aliyetoa neno alikunywa bure.

Siku hiyo, katika ofisi yake Butiama, Mwalimu Onesmo alikuwa akichagua mtu mmoja wa kuzunguka mkoa mzima wa Mara kukusanya maneno kama hayo ya kitabu cha shule. Waombaji walikuwa watano. Wanne walikuwa na vyeti.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Wewe ndiye mama chai?” Wale waombaji wanne wakaangua kicheko. “Leo unatuuzia chai au maneno?”

“Nauzaga vyote, mwalimu. Ila chai ndiyo huisha.”

Onesmo akafunua daftari la Hasna mpaka kwenye S. Mwezi uliopita alikuwa amemtuma rafiki yake kwa waombaji wote, akawaambie kuwa sahani, kwa Kijaluo, ni radi. Alikuwa amelibuni mwenyewe. Katika orodha nne za wenye vyeti lilikuwamo, limepigwa chapa safi. Na kwa Hasna nako, hili hapa.

“Kumbe na wewe unalo,” akasema kwa unyonge.

“Tazama rangi, mwalimu.”

Lilikuwa kwa wino mwekundu. Kwa Hasna, neno halikupata wino wa bluu mpaka watu wawili wasiojuana walithibitishe.

“Hilo nimewauliza Wajaluo tisa, wote wakanicheka. Nikajua yule bwana alikuwa na kiu tu.”

Onesmo alicheka mpaka akavua miwani. “Nilimtuma mimi, mama. Kazi ni yako.”

Hasna akapiga kigelegele mle mle ofisini. Saa hiyo hiyo gari la kazi likawashwa kwenda kijiji cha Buswahili, naye akapanda mbele, madaftari kifuani.

“Sasa Bunda nani atatupa chai?” tukamwuliza kutoka barazani.

“Jipikieni!” akajibu dirishani. Gari likaondoka, nasi tukabaki tukimpungia mkono.