Baba Alipoacha Isale Hewani

Harufu ya mgomba mbichi unaokatwakatwa kulisha ng'ombe hunirudisha Kirua Vunjo, nyuma ya nyumba yetu. Nimekaa juu ya debe, baba anachanja mgomba kwa panga huku akiimba: hablaría, hablarías, hablaría...

Baba alikuwa mwongoza watalii mlimani, naye alikuwa akijifunza Kihispania. Mimi nilimsahihisha, nikifuatisha kitabu chake. Kanuni ilikuwa nyepesi: kitenzi kiache kizima, kisha bandika mwisho wake, ía, ías, ía, íamos, íais, ían. Hablar, comer, vivir, yaani kusema, kula, kuishi, vyote vilivaa vazi hilo hilo. "Hiyo ía ndiyo 'ninge' yetu," alisema.

Nikauliza, jambo ambalo halijatokea linahitaji neno la nini?

"Wewe utamchosha hata mchungaji," bibi akasema.

Kisha mgeni mmoja wa baba akazidiwa karibu na kilele. Baba alimshauri kwa adabu: bajaría, ningekuwa wewe ningeshuka. Mgeni akamtukana, akaendelea kupanda. Hakufika mbali. Jirani yetu Eliakimu, mpagazi, alimshusha mgongoni mpaka goti lake likateguka.

Siku chache baadaye mgeni yule alisimama uani kwetu, uso mwekundu, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Mtu alikuwa amemweleza kwamba Mchagga akiletewa isale, husamehe, liwe kosa gani. Bibi alikwisha kusogeza kigoda.

Baba hakunyoosha mkono.

"Perdonaría," alisema.

Bibi akanivuta sikio. "Anasemaje?"

"Anasema angesamehe, bibi."

"Ange? Ange nini? Isale halikataliwi! Ruwa, Mungu wangu!"

Baba alimshika mgeni bega, wakafuata njia ya mfereji, nasi nyuma yao, hadi kwa Eliakimu aliyelala na goti limefungwa kitambaa. Mgeni akapiga magoti. Eliakimu akalipokea jani harakaharaka, kwa aibu, kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine.

"Haya," baba akasema, "sasa na mimi nimesamehe."

Siku ile niliamini baba amevunja mila mbele ya mgeni. Nilikuwa chuoni nilipoelewa kwamba msamaha ule haukuwa wake kuutoa kwanza. Mhadhiri wa Kihispania alitufundisha kwamba umbo lile ni la mambo ambayo hayakutokea. Nilimbishia, kama kawaida yangu. Mimi nililiona likitembea, na jani mkononi, kwenda kwa aliyembeba mgeni mgongoni.