Vidonge Kwenye Chai

Mpaka rangi huyu si mwanamke wa kubembelezwa. Miaka nenda rudi kapanda ngazi na ndoo yake, kapaka dari za watu, mafundi wenzake wakamwita Mama Dari. Leo kaketi kwenye kitanda cha hospitali, gauni la upasuaji limefungwa mgongoni, na hasira zimempanda hadi masikio yanamuwaka.

Kano ya bega lake la kulia ilikatika. Walishaishona mara moja, ikaachia. Safari hii daktari alimwambia watatumia damu yake mwenyewe: wataitoa, wataizungusha kwenye mashine, watachukua ile sehemu inayosaidia kidonda kufunga na kuiweka penye mshono. Sharti lilikuwa moja tu. Vile vidonge vyake vya maumivu asiviguse wiki mbili, maana vinaidhoofisha sehemu hiyohiyo. Wasichelewe pia, kwani kano inasinyaa, na ikisinyaa sana haitafika tena kwenye mfupa.

Akajikaza. Siku za mwanzo alilia hadi akauma mto, halafu maumivu yakapungua, akaanza kutamba. "Mimi chuma," alikuwa akimwambia mumewe kila asubuhi, huku akinywa chai aliyotengenezewa.

Sasa nesi kauliza tu, kama kawaida yao, kama kuna dawa yoyote ametumia. Mume akadakia, tena anachekelea. "Yeye hajui, lakini nilikuwa namsagia vidonge vyake kwenye chai. Si mmeona alivyotulia?"

Jamani, mtu mzima na ndevu zake.

Nesi akarudisha sindano kwenye trei. Daktari akaitwa, akasikiliza, akaahirisha: wiki mbili nyingine, na kama kano itakuwa bado inavutika ndipo watajaribu.

"Ulikuwa unalia, mke wangu," mume akasema. "Ningefanyaje?"

"Ungeniacha nilie. Bega ni langu. Mimi najisifu kumbe wewe unanifanya mtoto."

Mume akainamisha kichwa. Akasema basi, atakwenda kulala kwa kaka yake mpaka siku hizo ziishe, kwa sababu kumsikia vile hawezi.

"Huendi popote," Mama Dari akamwambia. "Utalala palepale ubavuni kwangu. Nikilia utanisikia mpaka mwisho, na hutainuka hata kuchemsha maji."

Kisha akamgeuzia mgongo amfungulie gauni, maana mkono wake haufiki huko.