Gari la Babu na Eda ya Bibi

Tukate au tusikate? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima, nikawa naamka na macho mazito kama mtu aliyekesha msibani. Asubuhi moja nilitoka nje, nikainua turubai lililofunika gari la Babu, nikafungua boneti. Harufu ikanipokea: petroli iliyolala muda mrefu, yenye uchachu kidogo, inayong'ang'ania kooni kama vanishi. Nikajikuta nimerudi darasa la tatu, hapa hapa Bagamoyo, mwaka ambao Babu alifariki na Bibi akakaa eda.

Mnivumilie nikizungukazunguka. Mimi ni mtu wa kufikiri mara kumi kabla ya kuitikia salamu, na tangu nimalize chuo, kusubiri majibu ya usaili kumenizidishia ugonjwa huo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, la rangi ya maziwa, limeinamia mbele kama paka anayenyemelea panya. Babu alilinunua ujanani kutoka kwa mgeni mmoja mpenda mashindano ya magari, akalitunza kuliko alivyoyatunza meno yake. Watoto wa mtaa wetu waliliita Chura kwa jinsi lilivyokaa chini. Babu alipougua, Chura naye akasimama, na kusimama kukamuua. Mipira ya mafuta ilipasuka, pampu ikakauka, na kabureta, chombo cha kuchanganya petroli na hewa, ikajaa utando wa kahawia kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni.

Baada ya kumaliza matanga, Bibi alisema eda ikiisha safari yake ya kwanza itakuwa Vigwaza, kwa dada yake, Bibi Zuhura. Dada huyo alikuwa hatembei tena, miguu imemgomea, na hakuweza kuja kuzika. Walikuwa wawili tu waliobaki katika tumbo lao, na kila simu iliyotoka Vigwaza ilikuwa na sauti dhaifu kuliko ya kabla yake. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akadakia: "Nitakupeleka mimi, mama. Kwa gari la mzee."

Bibi alivuta mtandio wake. "Inshallah," akasema.

Mimi ndiye niliyelala chumbani kwa Bibi muda wote wa eda. Kwa utani wetu wa pwani, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na Bibi hakuuacha utani huo hata kwenye msiba. "Mke mwenzangu," aliniambia, "na wewe umefiwa na mume. Mbona unazurura?" Lakini mwenye eda hatoki nje, na gari lilikuwa kwenye kibanda cha bati mbele ya nyumba, kwa hiyo kazi ya kuzurura ikawa yangu. Nikitoka shule nilipitia kibandani, nikasikiliza, kisha nikaingia ndani kutoa taarifa.

"Bibi, pampu imepasuka mpira."

"Pampu ina mpira? Haya, endelea."

Kila Jumamosi Baba alikwenda Dar kutafuta vipuri, na kila Jumamosi alirudi na jibu lile lile: hivyo havitengenezwi tena, kiwanda kiliviacha zamani. Muuza duka mmoja alimuuliza kwa upole kama gari lenyewe bado lipo kweli au analikumbuka tu. Nilimwona Baba akivua viatu barazani siku hiyo, akakaa ameshika kiatu kimoja mkononi muda mrefu, kama aliyesahau kinavyowekwa chini. Mama alimletea chai, ikapoa.

Mwishowe alimleta Fundi Kombo kutoka Chalinze, mtu wa malori, mpole, mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Fundi alikata mpira wa pampu kutoka katika pampu chakavu ya lori, ukakubali. Mipira ya mafuta akapata inayofanana. Kikabaki kitu kimoja. Ndani ya kabureta kuna boya, kikopo chepesi cha shaba kinachoelea juu ya petroli. Petroli ikifika kimo chake, boya huinuka na kuizuia isiingie zaidi. Boya la Chura lilikuwa limetoboka. Fundi aliliziba kwa lehemu, likawa zito, likazama kama jiwe.

"Mwalimu," Fundi akasema, akijifuta jasho kwa bega, "niruhusu nikate hapa kwenye manifodi, hili bomba linaloshika kabureta, nikufungie kabureta ya pikapu. Kesho unatembea. Ila nikishakata, ile ya zamani haikai tena."

"Hukati kitu. Hili gari la marehemu."

"Marehemu alitaka litembee."

"Nimesema hukati, Kombo."

Nikampelekea Bibi habari hiyo. Alikuwa anasokota uzi wa tasbihi yake iliyokatika. "Mvumilivu hula mbivu," akasema, "lakini nyingine huoza mtini." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku moja kabla ya Bibi kutoka eda, alikuja Mjomba Shabani, kaka yake Mama, mvuvi na mshona nyavu. Aliinamia kabureta, akalizungusha lile boya la shaba kwenye vidole vyake.

"Shemeji, kazi yake si kuelea tu?"

"Kuelea tu."

"Na hiki ndicho kilichowazeesha hivi? Mimi nyavu zangu zote zina maboya, sijaona lililozama hata moja!"

Akavua kandambili yake ya mguu wa kushoto. Kwetu nyayo za kandambili kuukuu ndizo maboya ya nyavu. Hukatwa vipande, hutobolewa, huvishwa kwenye kamba. Mjomba alichonga kipande kwa kisu kwa ustadi wa kutamanisha, kikawa sawasawa na kile cha shaba. Tukakitia kwenye beseni la maji. Kikaelea, kikacheza kama bata. Tukapiga makofi. Fundi Kombo peke yake alikuna kichwa, lakini alikuwa amechoka, na Baba alimtazama kwa macho ambayo mtu hawezi kuyakatalia. Fundi akakifunga. Kabla ya magharibi Chura alinguruma, sauti nzito iliyotetemesha bati la kibanda. Nilipokimbilia ndani, nilimkuta Bibi amesimama nyuma ya pazia, kiganja kimeegemea ukuta.

Asubuhi wanawake wa mtaa walikuja kumtoa eda, wakamwogesha, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi. Baba alimfungulia mlango kama dereva wa bwana mkubwa. Mimi nikajibana kiti cha nyuma ambacho kwa kweli hakikuwa kiti. Tukaondoka kwa vigelegele. Tulipita sokoni, watu wanapunga mikono, kisha petroli ikaanza kunuka, ikanuka zaidi, gari likakohoa, likakata roho katikati ya barabara.

Fundi aliyekuwa nyuma yetu kwa pikipiki akafungua kabureta. Kandambili ilikuwa imelewa petroli. Ilikuwa imevimba kama andazi, imebana pande zote, haipandi wala haishuki, na mafuta yanamwagika tu. Sote tuliijaribu kwenye maji. Katika mji wetu, nani angefikiria kuelea kwingine?

Vijana wakaja kusukuma. "Mwalimu, gari la mbio leo linakwenda kwa miguu!" mmoja akapiga kelele. "Mvue Shabani na kandambili ya kulia, labda itapiga starti!"

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya mtandio. Kisha akaona pikapu ya muuza samaki inapita, akaisimamisha mwenyewe kwa mkono. Ilikuwa inakwenda Chalinze kwa njia ya Vigwaza.

"Mama, nipe saa moja," Baba akasema. "Saa moja tu."

"Mwanangu, Zuhura ananisubiri."

Mimi na Bibi tukapanda mbele na dereva, tukanuka samaki hadi Vigwaza. Bibi alimkuta dada yake hai. Walishikana mikono, mimi nikatoka nje nikakaa na kuku. Njiani, nilipomuuliza kama amemkasirikia Baba, alikuwa amenijibu: "Mwache baba yako. Mimi nimepewa eda, nimekaa, nimelia, nimemaliza. Yeye alipewa siku tatu, akaambiwa rudi ukafundishe." Nilidhani anazungumzia likizo ya kazini.

Miaka imepita, Bibi ametangulia, na Baba hakuacha. Nilipoingia chuo alinituma nimtafutie boya mtandaoni. Moja lilikuja la gari jingine, jingine likaja bandia. Kila mara alilipokea kwa mikono miwili, akalijaribu, akalifunga tena kwenye karatasi yake. Amestaafu sasa, magoti yanamuuma, na Fundi Kombo amekuja na ombi lake lile la zamani. Safari hii Baba hakukataa. Alinitazama, akasema, "Amua wewe, mwanangu. Mimi nimechoka."

Wiki nzima nikahesabu hoja. Tukikata, litakuwa bado gari la Babu? Tusipokata, ni gari? Nikiwa nimeinamia boneti asubuhi ile ndipo maneno ya Bibi yalipoingia mahali pake. Mjane amewekewa mahali pa kukaa na huzuni yake, na siku ya kutoka. Mtoto wa kiume hakuwekewa. Baba alijichagulia kibanda cha bati na kabureta isiyo na vipuri, na hakuna mwanamke wa mtaa aliyewahi kuja kumwogesha na kumwambia, basi, toka.

Nilimkuta Fundi barazani. "Shikamoo, Fundi. Kata."

"Marahaba. Una hakika, binti?"

"Sina," nikasema. "Kata tu."

Akaokota msumeno wake, akaingia kibandani. Nikaenda kumwamsha Baba aoge, avae, atoke.