Eliza Wawili na Nafasi Moja ya Sekondari

Wenzangu mliomaliza darasa la saba miaka ile ya vijiji vya ujamaa mtanielewa nikisema kwamba mpaka leo nikisikia chuma kinagongwa asubuhi, nashtuka nikitafuta jembe. Shuleni kwetu Msangano kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na ilipolia ulitakiwa uwe umeshafika, umeshanawa miguu, na umeshika jembe au fagio. Kabla jua halijachomoza vizuri tulikuwa kwenye mchakamchaka, vumbi likitupanda mpaka kwenye kope. Kisha ukaguzi wa kucha, kisha darasani, kisha shamba la shule. Mchana tulikula boga la kuchemsha na karanga, na bado tulibaki na nguvu za kucheza rede mpaka sare zikawa rangi ya udongo. Wajukuu zangu leo wakitumwa chumvi dukani wanauliza kama nimewapa nauli ya bodaboda.

Lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa raha tupu. Mwaka wa darasa la saba ulikuwa mwaka wa hofu. Siku hizi watu husema mtoto amefaulu. Sisi hatukuwa na neno hilo, tulisema amechaguliwa. Ungeweza kujibu vizuri kabisa na usichaguliwe, kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Ilipita miaka miwili mfululizo shuleni kwetu bila kuchaguliwa hata mmoja, na msichana hakuwa amechaguliwa tangu shule ijengwe. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Kibona, Mndali wa kule Mbebe, Ileje, alikuwa mtu mpole, ila mwaka ule upole ulimtoka. Kila jioni alitubakiza kwa mtihani wa majaribio, na kesho yake alitusomea matokeo kuanzia wa mwisho.

Wa kwanza siku zote alikuwa Eliza. Wa pili naye alikuwa Eliza. Tulikuwa wawili, wote wa ukoo mmoja, na kwenye daftari la mahudhurio wote tuliandikwa Eliza Simwinga. Watoto wenzetu walitupambanua kwa kimo: yeye Eliza Mrefu, mimi Eliza Mfupi. Tulikaa dawati moja tangu darasa la pili, tulichota maji pamoja, na mama zetu wote waliitwa Mama Eliza, hata mtu akiita njiani waligeuka wote wawili.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka shule nyingine, mwanamume mkavu asiyecheka, na bahasha zilizofungwa kwa lakiri. Mgambo alisimama mlangoni. Madawati yalitenganishwa, kila mtu peke yake, na kila mtu akapewa namba yake ya mtihani. Nakumbuka karatasi ya Hisabati ilivyonata kwenye kiganja changu kwa jasho. Kulikuwa na swali la tangi la maji, bomba moja linajaza na jingine linatoa. Nililisoma mara nne. Mbele yangu nilimwona Eliza Mrefu ameinamisha shingo, kalamu yake haisimami. Nikaandika jibu nililolibahatisha, nikaendelea.

Kisha tukasubiri. Mvua zikashika, mahindi yakafika magotini, na siku moja tukiwa kwenye palizi tukaitwa wote ofisi ya kijiji. Mwalimu Kibona alikuwa na karatasi mkononi. Wazazi walikuwa wamesimama na majembe yao. Akasema, "Mwaka huu shule yetu imepata mtu mmoja." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Eliza Simwinga."

Mama yangu akapiga kigelegele. Na mama wa Eliza Mrefu akapiga kigelegele. Kisha wote wawili wakatazamana.

Mwalimu aliigeuza ile karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Namba haikuandikwa. Lilikuwa jina tu na jina la sekondari ya wasichana. Uso wake ulibadilika. "Nipeni siku tatu," akasema. "Nitakwenda wilayani nikaangalie namba." Alasiri ile ile akapanda baiskeli yake kuelekea Tunduma, ili pale apate lori la kumfikisha Vwawa.

Sijawahi kuishi siku tatu ndefu kama zile. Nyumba zetu zilitazamana, na kwa mara ya kwanza mama zetu walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiharakisha kazi yake. Baba alichonga mpini mmoja wa jembe mpaka ukawa mwembamba kama fimbo. Mimi na Eliza Mrefu tulikwenda mtoni kama kawaida, tukajitwika ndoo, tukarudi. Siku ya pili aliniuliza kitu kimoja tu. "Lile la tangi uliandika ngapi?"

Nikamwambia. Akatazama chini. Tangu hapo nilijua, ila nilikataa kujua.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, tuliiona baiskeli ikipanda kutoka bondeni. Mwalimu Kibona alikuwa ametapakaa matope mpaka kifuani. Hakutafuta maneno. Alikuja moja kwa moja uani kwetu, akaniwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu, ni mwenzako."

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Baba akamshukuru mwalimu kwa safari, akamkaribisha maji. Mimi nilibaki nimesimama palepale, nikimwangalia mwalimu akivuka njia kwenda kwenye nyumba ya pili, na nikasubiri kigelegele. Hakikusikika.

Asubuhi yake tukajua sababu. Baba yake Eliza Mrefu, ambaye mimi nilimwita baba mkubwa, alikuwa amemwambia mwalimu kwamba binti yake haendi popote. Alikuwa ameshakubali posa ya watu wa Mbangala, na alisema msichana akipelekwa mbali harudi na cheti, anarudi na mimba. Mwalimu alibishana naye mpaka akachoka.

Nitasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilipoyasikia hayo, moyo uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimesikia kwamba aliyechaguliwa asipokwenda, nafasi anaweza kupewa anayemfuata. Na anayemfuata ni mimi.

Mama alitoka chumbani macho yamemvimba. Akajifunga kitenge chake kizuri, kile alicholetewa na dada yake wa upande wa Zambia, akaniambia, "Twende." Sikuuliza wapi. Nilidhani tunakwenda kwa mwalimu kuomba ile nafasi. Tukavuka njia, tukaingia uani kwa baba mkubwa.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananoa panga. Mama alipiga magoti akamsalimia.

"Shemeji, nimekuja kwa habari ya Eliza."

"Eliza yupi?"

"Wa kwako. Wa kwangu amekosa."

Panga likasimama. "Mtoto ni wangu," akasema.

"Ni wako. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji."

Baba mkubwa akatupa jicho njiani. "Mume wako anajua uko hapa?"

"Anajua. Amesimama nyuma ya ghala lako, anaona aibu kuingia."

Baba akajitokeza taratibu, kofia mkononi, akakaa chini. Eliza Mrefu na mama yake walikuwa mlangoni pa jiko. Moshi ulikuwa ukitoka, na hakuna aliyeupepea.

"Hao wa sekondari tumeona wanavyorudi," baba mkubwa akasema. "Na hata huyo wenu ana akili. Kama serikali inataka Eliza, si imchukue huyo? Jina ni hilo hilo."

Ndicho nilichokuwa nakiomba tangu asubuhi, na sasa kilikuwa kimesemwa mbele ya watu wote. Mama alinigeukia. Hakunikonyeza wala hakunigusa. Akasema, "Mwambie baba yako mkubwa."

Nilimwona Eliza Mrefu ananitazama. Hakuwa ananiomba kitu, alikuwa anangoja tu, kama tulivyongoja wote siku zile tatu. Mwishowe nikasema, "Baba mkubwa, ananishinda hesabu. Ananishinda tangu darasa la pili. Swali la tangi yeye alilipata, mimi nilibahatisha."

Nililia palepale, na sikujali nani ananiona.

Baba mkubwa akaliweka panga chini. Kisha akageuka kuelekea jikoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumuuliza yule binti swali la namna hiyo. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nataka kwenda, baba."

"Watu wa Mbangala nitawaambia nini?"

"Nitakwenda mimi kuwaambia," baba yangu akasema. Ndilo neno pekee alilotoa siku ile, na alikwenda kweli, kwa miguu, akarudi baada ya siku nne, amekonda.

Eliza Mrefu aliondoka na sanduku la bati, blanketi moja, na sweta ambalo mama yangu alilifuma. Alisoma, akawa mkunga, akafanya kazi Mbeya mpaka akastaafu. Mimi nilibaki. Serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani na walimu hawakutosha, walituchukua tuliomaliza darasa la saba, wakatufundisha kazi tukiwa kazini. Walituita walimu wa UPE, wengine kwa dharau. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na nimefundisha vizuri. Tunakutana na Eliza Mrefu kwenye harusi na misiba, tunacheka mpaka tunashikana mabega. Habari ya siku zile tatu hatujawahi kuigusa.

Hivi karibuni mjukuu wangu wa hapa Tunduma alipata matokeo yake. Aliyasoma kwenye simu, huku anatafuna chapati, akasema, "Bibi, nimefaulu," kisha akarudi kutazama watu wanaocheza muziki kwenye hiyo hiyo simu. Nilimuuliza katika darasa lao ni nani amekosa nafasi. Alinitazama kama mtu anayeongea Kichina.

"Hakuna, bibi. Sekondari ya kata si iko pale?"

Nikamwambia vizuri sana, na nilimaanisha. Lakini nilikaa barazani kwa muda, nikiwafikiria wenzangu wa darasa lile. Kulikuwa na Festo aliyeweza kuchora ramani ya Afrika kwa kumbukumbu, mito yote. Kulikuwa na Tabia aliyesoma kwa sauti mpaka mwalimu akasahau kumkalisha. Walirudi kwenye palizi siku ile ile jina la Eliza liliposomwa, na hakuna aliyewauliza walikuwa wakitaka nini.