Nilidai Pesa Zangu Kwenye Karai la Matanga

Msinicheke kwa mwandiko huu na makosa yake. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea bati kuliko kalamu. Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa vibaya!

Natengeneza masanduku ya bati hapa Huruma. Binamu yangu Wekesa, anayeishi Jinja, Uganda, alinikopa shilingi mia sita nilizoweka ili ninunue mkasi mkubwa wa kukatia bati. Miaka miwili nilimwandikia barua. Kimya! Mimi si mtu wa maneno. Hasira niliimeza tu.

Kisha baba yake akafa. Huyo ndiye baba mkubwa aliyenilea hapa Nairobi. Tukakusanyika nyumbani kwake Makongeni kuchanga pesa za kumsafirisha hadi Bungoma. Wekesa akaja, akatia noti sita za mia kwenye karai. Watu wakapiga makofi.

"Hizo ni zangu!" Nikazinyakua.

"Mdogo wangu, rudisha," Wekesa akasema. "Tumzike mzee kwanza."

"Nimesubiri miaka miwili!"

Shangazi akadakia, "We fundi, basi tumpakie mzee kwenye sanduku lako la bati?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kikanipandisha wazimu. Nikainua kigoda, nikampiga Wekesa usoni. Akaangukia karai. Nikampiga tena, na tena. Hakunirudishia hata kofi! Noti zote za mchango zikalowa damu.

Wazee wakazikataa. Marehemu hasafirishwi kwa pesa zenye damu, walisema. Mchango ukaanza upya, na watu walikuwa wameshatoa mwisho wao. Mzee akalala mochari siku tisa zaidi. Mimi nikakatazwa kufika kaburini kwake. Mtu aliyenilipia karo!

Baadaye nikaambiwa zile mia sita zilichangwa na wafanyakazi wenzake Wekesa kule Jinja. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu.

Jicho lake la kushoto halioni tena. Mwezi uliopita alinitumia mia sita kwa mkono wa dereva wa lori, na maneno haya: "Deni lako limekwisha. Undugu pia."

Ziko chini ya godoro. Nashindwa kuzigusa.

Vijana, dai lako lipeleke kwa wazee, si kwa ngumi, na kamwe si msibani!

Nataka kuvuka mpaka nimwombe msamaha, lakini naogopa. Niende peke yangu, au niwatangulize wazee? Aliyewahi kupatana na ndugu yake baada ya damu kumwagika, tafadhali aniandikie hapa hapa gazetini. Nasoma polepole, lakini nitazisoma barua zote.